Sura ya Nne: Hesabu ya Kaskazini Mashariki

Sensa ya mwaka 1979 ilikuta watu 373,787 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya, yaani Garissa, Wajir na Mandera. Sensa iliyofuata, ya 1989, ikakuta 371,391. Katika muongo huo huo Wakenya kwa jumla walitoka milioni 15.3 wakafika milioni 21.4, na wataalamu waliotaka mfano wa nchi ambayo watu wake wanaongezeka mbio walikuwa wakiitaja Kenya. Kaskazini Mashariki walipungua watu 2,396. Matokeo yalipokelewa, yakachapishwa, yakatumika.

Kisha zikaja sensa mbili zilizobadilisha maneno ya watu. Mwaka 1999 mkoa huo ulikuwa na watu 962,143. Mwaka 2009 ukawa na 2,310,757. Nairobi ilishtuka. Tarehe 31 Agosti 2010 waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kwamba Kenya ina watu 38,610,097, na papo hapo akasema matokeo ya wilaya nane yamefutwa na hesabu itarudiwa. Tatu zilikuwa za Turkana. Tano zilikuwa za Kaskazini Mashariki: Lagdera, Wajir Mashariki, na Mandera zote tatu, Mashariki, Kati na Magharibi. Ongezeko, alisema, haliendani na vizazi na vifo, na mpangilio wa umri na jinsia hauko kama unavyotakiwa kuwa.

Kwa hesabu tupu, waziri alikuwa na hoja. Mandera ilikuwa imetoka watu 250,372 ikafika 1,025,756 kwa miaka 10, karibu asilimia 15 kila mwaka. Uzazi hauwezi kazi hiyo. Hata mahali ambapo kila mama anazaa watoto wanane na mtu hafi, ongezeko haliendi mbali zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Na akina mama wa Mandera kweli wanazaa: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa watoto 7.7 kwa kila mwanamke huko, wakati Nairobi ni 2.5 na nchi nzima ni 3.4. Lakini 7.7 haikupi mara nne kwa miaka 10.

Sasa rudisha kikokotoo hicho hicho nyuma hadi 1979. Kama mkoa ungeongezeka kwa mwendo wa kawaida tu wa Wakenya wengine, mwaka 1989 ungekuwa na watu zaidi ya 520,000. Watu wasiopungua 150,000 hawakuonekana, na kati yao wengi hawakuwa wamekufa, hawakuhesabiwa tu. Kwa hiyo sehemu ya kile kishindo cha 1999 ilikuwa ni watu wa zamani kuonekana kwa mara ya kwanza. Ukiendelea kupanda kwa asilimia 4 kwa mwaka kuanzia 1979, mwaka 2009 unafika takribani milioni 1.2. Inabaki zaidi ya milioni moja ya kutafutiwa maelezo. Ni wale walioachwa nje hata mwaka 1979, ni wale waliovuka mpaka wakikimbia vita vya Somalia, ama ni majina yaliyoandikwa na makarani bila mwenye jina kuwepo? Naamini yote matatu yamo. Jambo linaloniudhi ni kwamba kila anayezungumzia takwimu hizi huchukua moja kati ya hayo matatu, lile linaloifaa siasa yake, akayaacha mawili.

Kuna jingine ambalo hupotoshwa makusudi. Karani wa sensa hahitaji kitambulisho chako ili akuhesabu. Sensa ya Kenya huhesabu kila mtu aliyelala ndani ya nchi usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, awe raia, mkimbizi au mgeni wa hoteli. Mtu anaweza kuhesabiwa sensa tatu mfululizo na asiwe na karatasi hata moja. Hivyo idadi kubwa ya watu Mandera si ushahidi kwamba Mandera imejaa vitambulisho bandia, ingawa ndivyo ilivyosomwa katika magazeti na bungeni mwaka ule wa 2010. Idadi ya watu na uraia ni daftari mbili. Kaskazini Mashariki zimefungwa pamoja kwa miaka mingi mpaka mtu akitaja moja, msikilizaji anafungua nyingine.

Ili kuelewa zilivyofungwa pamoja, inabidi turudi mpakani. Hadi mwaka 1925 Kismayu na nchi yote hadi mto Juba ilikuwa mikononi mwa Waingereza, sehemu ya Kenya. Mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia nchi hiyo kama malipo ya kuwa upande wake katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mstari ukasogezwa kuelekea magharibi, ng'ambo moja ya ukoo ikawa Kenya na ng'ambo nyingine ikawa ya Waitaliano, na ngamia wakaendelea kunywa kwenye visima vile vile. Mwaka uliofuata eneo la mpaka wa kaskazini likatangazwa kuwa eneo lililofungwa: hakuna kuingia wala kutoka bila kibali. Mkazi wa Wajir aliyetaka kushuka kusini alihitaji karatasi kabla hata Kenya haijawa nchi ya kuwa raia wake.

Mwaka 1962 Waingereza walituma tume kuwauliza wakazi wa eneo hilo, wengi wao Wasomali, wanataka nini, na wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Jibu lao halikufuatwa. Uhuru ulipofika Desemba 1963, mkoa huo uliingia katika hali ya hatari siku chache tu baada ya bendera kupandishwa, na ikafuata vita ambavyo Kenya iliviita vya mashifta. Vita vilimalizwa kwa makubaliano ya Arusha mwaka 1967. Hali ya hatari haikumalizwa. Iliondolewa mwaka 1991, miaka 28 tangu iwekwe, na katika miaka hiyo 28 kujikusanya kwa wingi mahali pamoja mbele ya watu wa serikali hakukuwa jambo ambalo mzee mwenye akili angewashauri watu wake.

Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, wakavuliwa nguo, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliweka idadi karibu na 1,000. Hapo nako palikuwa na mabishano ya hesabu, ila ya wafu. Miaka mitano baada ya Wagalla karani wa sensa alifika bomani na daftari, mtumishi wa serikali ile ile, akaomba kuambiwa wanaume wa nyumba hii ni wangapi. Mtu akiniuliza watu 150,000 walikuwa wapi mwaka 1989, sina haja ya kwenda mbali.

Na hawakuwa wamekosea kuhofu. Miezi mitatu baada ya sensa hiyo, Novemba 1989, serikali iliamuru Wasomali wote watu wazima nchini, wakiwemo waliokuwa na vitambulisho vya Kenya, wafike mbele ya majopo kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Aliyefaulu alipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, ya kubeba pamoja na kitambulisho. Mwalimu, askari, mfanyabiashara wa Nairobi na mchungaji wa Habaswein walisimama foleni moja. Hakuna kabila jingine lililoambiwa libebe kadi ya kuthibitisha kadi.

Kadi za waridi ziliacha kutumika. Utaratibu ulibaki kwa jina jingine, na katika Kiswahili cha redio za Kenya uliitwa kupigwa msasa.

Msichana wa Nyeri au Kitui akitimiza miaka 18 alikwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, akajaza fomu, akapigwa alama za vidole, akangoja. Msichana wa Mandera alifanya hayo yote, kisha akaitwa mbele ya kamati. Katika meza alikuwepo ofisa wa usajili, mwakilishi wa naibu kamishna wa kaunti, chifu, watu wa usalama na ujasusi, na wazee wa koo. Anaulizwa ukoo. Anaulizwa ukoo mdogo ndani ya huo ukoo. Anaulizwa babu wa babu yake ni nani, na familia yao hunywesha mifugo kisima kipi wakati wa kiangazi. Kijana aliyesomea bweni tangu darasa la nne, ambaye Kiswahili chake cha mtihani ni kizuri kuliko Kisomali chake cha nasaba, hapo anatokwa jasho. Mzee mmoja akitikisa kichwa, faili linawekwa kando hadi kikao kingine, na vikao havikuwa vya kila wiki. Nauli ya kutoka vijijini, malazi mjini, na kile ambacho watu hukiita chai ya ofisa vilimfanya mwenye kondoo wawili kuuza mmoja.

Huku akingoja, maisha yake yamesimama. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa, hafungui akaunti, haingii jengo la serikali, hapati mkopo wa chuo, na basi la kwenda Garissa likisimamishwa kizuizini, yeye ndiye anayeshushwa. Katika barabara ile, kila abiria hushika kitambulisho mkononi kabla basi halijasimama.

Wanaotetea msasa si wapumbavu, wala hofu yao si ya kubuni. Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Mpaka ni mrefu, na vitambulisho vya Kenya vimenunuliwa na wasiostahili. Maofisa wa usajili wamekamatwa kwa hilo. Ila mmoja wa washambuliaji wale wa Garissa, kama serikali yenyewe ilivyotangaza, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na baba yake alikuwa chifu huko Mandera. Mtu huyo angeitwa mbele ya kamati yoyote angejibu swali la kisima bila kufikiri. Kamati ilikuwa inapima nasaba, na nasaba haikwambii mtu anapanga nini. Halafu mwenye fedha za kumnunua ofisa hakupita kwenye kamati hata kidogo. Aliyepita huko ni yule asiyekuwa na kitu cha kutoa.

Kulikuwa na mlango mwingine wa kupoteza uraia, na huu ulifunguliwa na njaa. Kambi za Dadaab katika kaunti ya Garissa, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilianzishwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000 waliokimbia Somalia. Katika ukame wa 2011 zilipita watu 460,000. Kando ya ua wa kambi waliishi Wakenya ambao ukame ule ule ulikuwa umewamalizia mifugo, nao walitazama malori ya mahindi na mafuta yakiingia upande wa pili. Ndani kulikuwa na kliniki na shule. Nje kulikuwa na kisima kilichokauka. Mama akafanya lile ambalo mama yeyote angelifanya: akawachukua wanawe, akasema ametoka ng'ambo, akapewa kadi ya chakula. Mtoto wa miaka sita akabonyeza kidole kwenye mashine bila kujua mashine ni nini.

Mvua zikarudi, familia ikarudi kijijini, kadi ikapotea. Miaka 12 baadaye mtoto yule, sasa kijana, anakwenda kuomba kitambulisho. Ana cheti cha kuzaliwa, baba yake ana kitambulisho, wazee wa ukoo wanamtambua. Kompyuta inakataa. Alama zake ziko katika daftari la wakimbizi, na mkimbizi hawezi kuwa Mkenya. Ukiwahesabu walionaswa hivyo unafika makumi ya maelfu. Katiba ya 2010, ibara ya 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia. Haisemi kwamba uraia huo unaisha mtoto akila mahindi ya Umoja wa Mataifa.

Tazama sasa jinsi hadithi zinavyogongana. Msemaji wa serikali anasema Kaskazini Mashariki watu wamezidi kwa sababu wakimbizi wanajifanya Wakenya. Dadaab, kwa miaka mingi, sehemu ya idadi ya wakimbizi ilikuwa ni Wakenya wanaojifanya wakimbizi.

Kwa nini hofu ya 1989 iligeuka kuwa hamu ya kuhesabiwa kufikia 2009? Hali ya hatari ilikuwa imeondoka, na fedha zilikuwa njiani. Chini ya ugatuzi kaunti hugawiwa fedha kwa fomula, na katika fomula ya kwanza idadi ya watu ilibeba asilimia 45 ya mgao, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8. Maeneobunge nayo huchorwa kwa idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilifanyika mwaka mmoja kabla ya Katiba mpya iliyoleta ugatuzi, lakini wanasiasa walikwisha kunusa mvua. Pale ambapo mtu mmoja wa ziada kwenye daftari ni shilingi kwenye bajeti, karani mwenyeji wa hapo, anayelipwa kwa siku chache na atakayeishi na jirani zake maisha yote, hana sababu ya kuandika wachache. Na si Mandera peke yake. Mwaka 2020 Baraza la Seneti lilikwama kwa miezi kwa sababu ya fomula ya tatu, maseneta wa kaunti zenye watu wengi wakitaka kila kichwa kipewe shilingi yake, na wa kaunti kubwa zenye watu wachache wakikataa. Waliodai zaidi shilingi kwa kila kichwa walitoka Mlima Kenya. Hesabu ya vichwa ni halali au ni uroho kutegemea vichwa ni vya nani.

Ile sensa ya marudio aliyoiahidi waziri haikufanyika. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wake, takwimu za 2009 zikasimama, na mwaka 2013 Mandera ikawa miongoni mwa kaunti zilizopata mgao mkubwa kabisa. Mwaka 2019 ikaja sensa nyingine, ikakuta Mandera watu 867,457. Yaani katika miaka 10, katika kaunti inayoongoza kwa uzazi, walikuwa wametoweka zaidi ya 158,000. Viongozi wa eneo wakaenda mahakamani, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikabatilisha matokeo ya 2019 ya sehemu za kaunti zile tatu na kuamuru hesabu irudiwe.

Mimi siamini 1,025,756, na siamini 867,457 kwa kiasi hicho hicho. Namba ninayoiamini zaidi ni ndogo na hutajwa kwa nadra. Katika uchaguzi wa 2022 Mandera ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa takribani 217,000. Nyeri, yenye watu 759,164 katika sensa ya 2019, ilikuwa na zaidi ya 480,000. Sehemu ya tofauti hiyo ni watoto, kwa maana Mandera ni kaunti ya watoto, na sehemu nyingine ni watu wazima wasio na kitambulisho. Hiyo ndiyo gharama ya zile daftari mbili kufungwa pamoja: kaunti ilipata fedha za watu ambao haikuweza kuwapeleka kituoni kupiga kura.

Linganisha na Pwani. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji na Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miongo mingi bila uraia. Oktoba 2016 wakaanza kutembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais, na kabla mwaka haujaisha wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi wasioweza kupata leseni ya uvuvi kwa sababu hawakuwa na karatasi, na hivyo wakauza samaki wao kwa bei ya anayewahurumia, walitambuliwa mwaka 2023. Ilikuwa haki yao na ilichelewa mno. Lakini wote hao ni maelfu machache tu. Hakuna mgombea urais aliyekosa usingizi kwa kura za Wamakonde. Wasomali wa Kenya walikuwa 2,385,572 katika sensa ya 2009, kabila la sita kwa ukubwa, na tangu siku ile wingi wao umekuwa kosa la kujibu.

Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kukomesha msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani. Ubishi ulilipuka mara moja. Wapinzani wake walisema anatafuta kura za 2027. Wengine walisema anafungua mpaka. Kuhusu kura huenda wamesema kweli, na silioni kosa lake: mwanasiasa anayewapa raia haki yao akitarajia kura yao yuko kazini. Kuhusu mpaka, mwombaji bado anapitia kwa chifu, bado analeta karatasi za wazazi, na alama zake bado zinasakwa kwenye mtambo kama za Mkenya yeyote.

Na hapo kwenye mtambo ndipo tamko la Wajir linapoishia. Kamati ilikuwa na wazee. Ungeweza kumrudia mzee, kumletea shahidi, kumkumbusha harusi aliyohudhuria. Kijana aliyebonyeza kidole Dadaab mwaka 2011 hakukataliwa na mzee yeyote. Anaweza kupita kwa chifu asubuhi moja sasa, bila swali la kisima, na bado skrini ya ofisi ya usajili ikaonyesha namba ya familia, jina la kambi, na tarehe aliyopewa mgao wa kwanza. Kumtoa humo kunahitaji mtu wa idara ya wakimbizi afungue faili lake, alinganishe na la wazazi, athibitishe na amfute, mmoja mmoja, kwa makumi ya maelfu.